Mtaji wa Goti

Kwetu, mtu akianzisha jambo bila hata senti mfukoni husema ana mtaji wa goti. Na mtu akiwa mjinga, watu husema ubongo wake uko gotini. Sijui wazee wetu walilikosea nini goti hata wakalitwisha mizigo yote hiyo. Ninachojua ni kwamba maneno hayo mawili yalitukutanisha uwanjani mimi, binti yangu Menik, na mkuu wetu wa kijiji, Pak Lurah Darsono, Mungu amzidishie maumivu, kidogo tu, yale yasiyoua.

Mimi ni Tukijan. Nauza supu ya makongoro kwenye mkokoteni kando ya uwanja wa mpira. Shule niliiacha kabla haijaniacha. Mke wangu Lasinem alifariki asubuhi moja kifua kilipombana, na gari la wagonjwa la kijiji halikuwepo. Lilikuwa limekwenda mjini na vizimba vya ndege vya Pak Lurah, kwa sababu siku hiyo kulikuwa na mashindano ya ndege waimbao, na ndege akipakiwa kwenye pikipiki hushtuka akakosa sauti. Ndege walirudi na kombe. Basi, anayetaka kujua kwa nini sipendi ndege waimbao asiniulize mara mbili.

Menik ni mshambuliaji. Timu ya wasichana aliianzisha yeye na wenzake, wakaenda kwa Pak Lurah kuomba mipira, viatu na mwalimu. Pak Lurah alicheka mpaka miwani ikateleza puani.

"Anzeni kwanza na mtaji wa goti, nduk," akawaambia, kama wazee wa kwetu wanavyowaita mabinti. "Mkifika mbali mje tuzungumze."

Wakaanza. Viatu waliazima vya kaka zao, vinavyoogelea mguuni. Walichopewa ni saa mbili za uwanja, Jumanne na Ijumaa jioni, baada ya wavulana kuuchafua. Na kweli mtaji ulikuwa ni goti, kwa sababu ndilo walilolipa nalo. Kwanza Lastri, mlinzi. Kisha Wening, kiungo, msichana mwenye mbio kama amekopa na anakimbia deni.

La Wening nililisikia. Nilikuwa nakatakata vitunguu. Yeye aliruka kuuwania mpira, akatua, na hapo hapo, *tak*, kama kijiti kikavu kinavunjwa. Akakaa chini akishika goti kwa mikono miwili, mdomo wazi, sauti haitoki. Hakuna mtu aliyekuwa karibu naye.

Pak Lurah alikuwa anapita na kizimba mkononi. Akasimama, akatingisha kichwa.

"Mmeona wenyewe? Hakuna aliyemgusa! Goti limejivunja lenyewe. Goti la mwanamke halikuumbwa kwa mpira. Ndiyo maumbile, jamani."

"Maumbile ya viatu vya kaka yake," nikasema kwenye sufuria.

"Unasemaje, Tukijan?"

"Nasema supu imeiva, Pak Lurah."

Wiki ile ile akatangaza mkutano. Habari zilitangulia mkutano, kama kawaida ya kwetu: timu ya wasichana itafungwa kwa ajili ya usalama wao, na saa zao za uwanjani zitapewa, hamtaamini, mashindano ya ndege. Menik alipoisikia alijifungia jikoni. Msimu wa mvua ukianza wachaguzi wa wilaya wangekuja kutazama timu za vijiji, na msichana asiye na timu hatazamwi. Hajawahi kutaka kitu kingine tangu mama yake azikwe. Mimi baba najua.

"Bapak," akaniambia siku ya mkutano, "nakuomba usiseme kitu."

"Nitasema maneno mawili tu."

"Hata moja."

"Basi sitasema. Nitaonyesha."

Nikaingia ukumbini na ndoo. Pak Lurah alipomaliza hotuba yake ya maumbile, nilisimama, nikatoa magoti mawili ya ng'ombe niliyoyachemsha vizuri mpaka yakang'aa, nikayaweka juu ya meza mbele yake, kwenye kitambaa cheupe.

"Ndugu zangu, mimi nimechemsha magoti maisha yangu yote. Hili la dume, hili la jike. Mwenye macho aje aniambie lipi lilikuwa linavaa sketi."

Watu wakaangua kicheko. Mama Wening alipiga makofi. Nikaona nimeshinda, nikaongeza, kama mtu anayeongeza chumvi kwenye supu iliyokwisha kolea: "Goti ni goti! Mtaalamu yupo hapa, aulizwe!"

Mtaalamu ni Mbak Palupi, yaani dada Palupi, msichana wa mazoezi ya viungo wa zahanati. Ni mwema sana, ila ana ugonjwa mmoja usio na dawa: akiulizwa husema kweli. Akasimama, akaniangalia kama anavyomwangalia mgonjwa kabla ya kumnyoosha.

"Pak Tukijan, naomba radhi sana. Hayo ni ya ng'ombe."

"Naam?"

"Ya watu yanatofautiana."

Akavua mtandio wa mabegani, akaupitisha katikati ya ngumi zake mbili zilizobanana. Ngumi, akasema, ni mwisho wa mfupa wa paja, una vifundo viwili na kijia katikati. Mtandio ni kano, ile kamba ya ndani inayolifunga paja kwenye muundi, ili muundi usichomoke mbele. Kwa wanawake wengi kijia hicho ni chembamba zaidi, na kamba yenyewe ni nyembamba zaidi, hata ukimlinganisha mwanamke na mwanamume wa kimo kimoja. Tena nyonga zao ni pana, kwa hiyo paja linashuka kwa mshazari, na msichana akitua kutoka juu magoti yake hupenda kuingia ndani, yakabusiana. Hapo kamba inasokoteka. Ndiyo maana wasichana wanaikata mara nyingi kuliko wavulana, mara mbili, pengine zaidi.

"Mmesikia!" Pak Lurah aliruka kutoka kitini. "Kijia chembamba, kamba nyembamba! Zahanati imesema, siyo mimi!"

"Sijamaliza, Pak Lurah. Kuna jambo la pili, nalo ndilo—"

"Umemaliza vizuri sana, Mbak. Jamani, ndizi za kukaanga ziko moto!"

Nani wa kubishana na ndizi za moto? Mkutano ukavunjika kwa kutafuna. Uamuzi: timu itaendelea mpaka sikukuu ya uhuru, Agosti kumi na saba, halafu uwanja ni wa ndege. Mimi nikabaki na ndoo yangu.

Tulipofika mlangoni Menik akanigeukia. "Bapak, wewe hukumfungulia mlango tu. Ulimtandikia na mkeka."

Kesho yake Mbak Palupi alikuja kula supu. Nilimwekea nyama kidogo na mifupa mingi ajue nimekasirika. Akala tu, akaomba pilipili.

"Jambo la pili lilikuwa nini?" nikamwuliza mwishowe, maana hasira hainizuii udaku.

"Kwamba kamba nyembamba siyo hukumu, Pak. Mtu hubadilisha namna ya kutua. Akunje goti, alielekeze kwenye vidole vya mguu, asiache magoti yabusiane. Tuimarishe nyama za nyuma ya paja na za nyonga. Robo saa kila mara kabla ya mazoezi. Wanaofanya hivyo kwa bidii huumia mara chache zaidi kuliko wasiofanya."

"Na hukulisema hilo mkutanoni?"

"Nilikatizwa na ndizi."

"Na Pak Lurah hukumwambia pembeni?"

"Nilimwambia. Akasema kazi ya Mungu hairekebishwi kwa kurukaruka."

"Na miwani yake je? Macho yale mabovu aliyatengeneza nani, fundi baiskeli?"

Akacheka supu ikampalia. Nikamwongezea nyama. Tangu siku hiyo akawa anakuja kila Jumanne na Ijumaa akiwarusha wasichana kwenye mstari, huku akipiga kelele: "Magoti yasibusiane! Hamjaolewa!" Lakini Agosti ilikuwa inakaribia, na mazoezi ya timu iliyohukumiwa kifo ni kama kumsuka nywele maiti.

Sasa, kila sikukuu ya uhuru wanaume wa kwetu hucheza mpira wamevaa magauni ya nyumbani ya wake zao. Ni kichekesho cha kila mwaka, watu hukaa hata juu ya mapaa. Kamati ya sherehe ilikuwa inakunywa supu yangu ikilalamika kwamba magauni yameshazoeleka.

"Mwaka huu wafungwe batiki," nikasema nikipangusa bakuli. "Batiki ya bibi harusi, kiunoni mpaka kifundo cha mguu, na mshipi mrefu. Wakubwa wa ofisi ya kijiji dhidi ya wafanyabiashara wa sokoni. Picha zake zitatoka mpaka wilayani."

Neno *picha* lilimfikia Pak Lurah kabla ya jioni. Akaja mwenyewe.

"Tukijan, nasikia una batiki nzuri za marehemu."

"Zipo, Pak Lurah. Na kufunga najua. Lasinem alikuwa anafunga maharusi, mimi nikimshikia ncha."

"Basi nifunge wewe. Nataka niwe nadhifu kuliko wote."

"Utakuwa nadhifu mpaka watu walie."

Menik alikuwa anaosha vyombo. Aliinua uso. "Bapak, unapanga nini?"

"Napanga mabakuli, mwanangu."

Siku yenyewe nilimfunga nyumbani kwangu, kwa batiki ya kahawia ambayo Lasinem aliipenda kuliko zote. Bibi harusi hufungwa hivi: kitambaa kinazungushwa, kinabanwa mapajani, mikunjo midogo inashuka mbele, halafu mshipi unazungushwa na kuzungushwa mpaka pumzi iombe ruhusa. Lasinem alikuwa anawaachia maharusi nafasi ya vidole viwili. Mimi sikuacha ya unywele.

"Umebana mno, we!"

"Wanawake ndivyo wanavyofungwa, Pak Lurah. Maumbile."

"Sasa mpira nitaupigaje?"

"Kwa heshima."

Naapa nilitaka aanguke tope tu. Nilitaka kijiji kimwone amekaa kitako kwenye dimbwi, miwani upande, basi, nikalale vizuri. Yaliyozidi hapo goti lilijiongezea lenyewe.

Mkiona watu wazima kumi na wanne waliofungwa batiki wakikimbilia mpira, mmeona bata wanaokwenda kuoga. Katibu wa kijiji alianguka kabla ya filimbi. Muuza tempe ya soya alipiga teke, kiatu kikaenda, mpira ukabaki. Wanawake walikuwa wanashikana mbavu. Kisha mpira ukapaa juu mbele ya goli, Pak Lurah akauona, na chini yake akaona kamera ya mtu wa wilayani. Akaruka. Niseme haki: aliruka vizuri. Lakini alipotua mapaja yalikuwa yamefungwa pamoja, miguu ikaenda nje, magoti yakaingia ndani yakabusiana kama wapenzi waliopotezana.

Akakaa chini. Mdomo wazi, sauti haitoki.

Na mimi, pale penye sufuria yangu, nikapaza sauti:

"Hakuna aliyemgusa!"

Mama Wening akaidaka: "Hakuna aliyemgusa!" Kisha uwanja mzima, watoto na wazee, hata wa juu ya mapaa: "Hakuna aliyemgusa!"

Mbak Palupi alifika mbio, akaufungua mshipi, akalipapasa goti pande zote, akalivuta huku na huku. Pak Lurah akamng'ata katibu mkono.

"Kamba ya ndani ni nzima," Mbak Palupi akasema. "Ya ubavuni imevutika. Itapona. Umetua vile vile ninavyowakataza wasichana wasitue, Pak Lurah. Una bahati kano yako ni nene. Ingekuwa ya Wening, ingekatika."

Pak Lurah, na maumivu yake yote, akainua kidole. "Mmesikia? Nene!"

"Ndiyo, nene," Mbak Palupi akasema. "Na bado uko chini."

Wening alikuwa amesogea kwa magongo yake. "Shikamoo, Pak Lurah. Kwa hiyo na goti la mwanamume nalo halikuumbwa kwa mpira?"

Pak Lurah aligeuka akapiga kelele: "Gari la wagonjwa! Liko wapi gari la wagonjwa?"

Dereva alikuwa amesimama katika umati na bendera ndogo mkononi. Akaangalia chini. "Limepakia vizimba, Pak. Vya mashindano ya kesho. Wewe mwenyewe uliniagiza tangu asubuhi."

Hapo hakuna aliyecheka. Hata mimi. Watu waliniangalia, halafu wakaacha kuniangalia.

Nikashusha sufuria, nikausogeza mkokoteni. Tukampakia Pak Lurah mahali pa sufuria, miguu ikining'inia, nikamsukuma mwenyewe mpaka zahanati. Njiani alikuwa anashika ncha ya batiki isiburute chini.

"Hii ni ya Lasinem?" akauliza.

"Ndiyo."

Tukavuka daraja. Tukapita msikiti.

"Imeingia tope," akasema.

"Itafuliwa."

Hayo tu. Mimi na yeye hatujawahi kuzungumza zaidi ya hapo juu ya jambo lile, na sidhani tutazungumza.

Mtu wa kwetu akiitwa ubongo gotini hukasirika akidhani ametukanwa. Mimi siku hizi nadhani wazee walikuwa wanatoa anwani tu. Maana la Pak Lurah lilipotikiswa, mambo yalianza kusogea, ingawa yeye aliyasogeza kwa kuvutwa.

Mbak Palupi alimwambia bila mazoezi goti litakuwa linamsaliti kila ngazi. Pak Lurah akasema sawa, atakwenda zahanati.

"Chumba cha mazoezi kimejaa milingoti ya kutundikia vizimba, Pak Lurah. Ulituma iwekwe pale."

"Itoeni."

"Tuipeleke wapi? Kwako?"

"Kwangu hakuna nafasi. Kuna ndege."

"Basi uje uwanjani. Jumanne na Ijumaa jioni nipo pale na wasichana. Siku nyingine nina vijiji vingine viwili."

"Lakini saa hizo za uwanja nimeshazigawa kwa nde..." akasema, akaliangalia goti lake. Mbak Palupi anasema aliliangalia muda wa kunywa chai nzima.

Tangazo likabandikwa: mashindano ya ndege yameahirishwa kwa sababu za kiafya. Afya ya nani halikusema.

Ijumaa ya kwanza alikuja na kaptula na bendeji ya goti. Zahanati ilikuwa na moja tu, ya rangi ya waridi, waliyochangiana wasichana kwa ajili ya Wening. Akasimama mwisho wa mstari, mguu mmoja juu, akiyumba kama mgomba wenye mkungu. Menik ndiye aliyepewa kazi ya kumsimamia. Mimi nilisogeza mkokoteni karibu, siyo kwa biashara.

"Kunja goti, Pak Lurah. Lielekeze kwenye kidole. Kidole chako, siyo cha jirani!"

"Nimelielekeza!"

"Linaingia ndani hilo. Linataka busu."

"Binti, mimi ni mkuu wa kijiji."

"Ndiyo, Pak Lurah. Rudia."

Akarudia. Nilimhudumia kila mteja siku ile na nyama ya ziada.

Wiki zilipita. Bendeji ikatoka, na watu wakasubiri tangazo jipya la ndege. Halikuja. Katibu alipomkumbusha, Pak Lurah alishika goti lake akasema bado linauma mvua ikikaribia. Kwetu mvua hukaribia kila siku. Mimi naamini alikwisha pona zamani, ila alikuwa anaona haya kusema, au alikuwa ameanza kupenda kuambiwa "vizuri" na wasichana, maana nyumbani hakuna anayemwambia hivyo, ndege wanaimba tu. Viatu pia vilikuja, vya saizi ya wasichana. Sikumshukuru. Ilikuwa haki yao tangu mwanzo.

Wachaguzi wa wilaya wakaja Ijumaa moja ya matope, watu wawili na miavuli yao. Menik alikuwa na mabao mawili miguuni, na nilijua atataka la tatu kwa kichwa. Mpira ukapaa. Akaruka katikati ya walinzi wawili, juu, juu kuliko nilivyotaka mimi. Niliweka kisu chini. Sikutazama mpira. Nilitega sikio nikisubiri ile *tak*.

Akatua. Magoti yamekunjwa, kila moja na njia yake, kama majirani wasiosemezana. Akakimbia.

Kwenye mstari Pak Lurah alikuwa anaruka na mikono juu, akiwapigia kelele watu wa miavuli: "Mmeona anavyotua? Mmeona? Tumewafundisha wenyewe! Mtaji wa goti huo!"

*Tumewafundisha.* Nilimeza tusi zima na mifupa yake. Watu wa wilaya waliandika jina la Menik, nikaliona linaandikwa, na siku kama hiyo mtu hamwagi supu.

Jioni Pak Lurah alikuja kuketi kwenye benchi langu, jasho linamtoka. Nikamjazia bakuli, nikachagua goti kubwa kuliko yote, nikaliweka katikati. Aliligeuza kwa kijiko, akalichungulia kwa miwani yake.

"Tukijan, hili la dume au la jike?"

"Goti ni goti, Pak Lurah," nikamwambia. "Kula."